Kompyuta Isilale Kabla Kazi Haijaisha: Kipi Ununue, Kipi Uache

Kama ulikuwa njiani kununua kile kidude cha USB kinachotikisa kipanya ili kompyuta isilale, subiri kwanza. Katika mpangilio huu kimeshika mkia.

Tatizo lenyewe linajulikana. Kuchakata video ndefu, kunakili diski nzima au kupakua faili kubwa kunaweza kuchukua usiku kucha, na muda wote huo hakuna anayegusa kibodi. Kwa kawaida mfumo huhesabu dakika tangu mtu aguse kitu mara ya mwisho. Programu isipoomba kompyuta ibaki macho, unaamka asubuhi unakuta kazi imekwama njiani.

1. Kilichomo tayari ndani ya kompyuta (bure)

Hiki ni namba moja bila ubishi. Mac zote kuanzia OS X 10.8 ya mwaka 2012 zina amri iitwayo caffeinate. Fungua Terminal (programu ya Mac ya kuandikia amri), andika caffeinate -i kisha amri ya kazi yako, na Mac itakesha mpaka kazi hiyo iishe. Kazi ikiwa imeshaanza, tumia caffeinate -w pamoja na namba ya mchakato wake. Ninaipendea hapo: kazi ikiisha nayo inaisha, huna cha kukumbuka kuzima. Skrini inaweza kuzimika, na iachwe izimike, maana haichangii chochote.

Linux nyingi zina systemd-inhibit kwa shughuli hiyohiyo. Kwenye Windows, pakua PowerToys ya Microsoft, nayo ni ya bure, uwashe kipengele cha Awake. Unaweza kuweka muda maalumu au bila kikomo. Ukitaka kujua ni programu gani inayoizuia Windows isilale, endesha powercfg /requests kwa mamlaka ya msimamizi.

Mipaka ipo. Laptopu ukiifunga mfuniko italala tu, labda uwe umebadilisha mpangilio huo kwenye Windows, au Mac iwe kwenye chaja na imeunganishwa na skrini ya nje. Na usiitie kwenye begi ikiwa inachapa kazi, itachemka. Halafu kuna masasisho ya Windows, ambayo huweza kuiwasha upya mashine usiku wa manane. Saa za matumizi, yaani zile ambazo Windows haitajiwasha upya, hazizidi 18 kwa siku, kwa hiyo kabla ya kazi ndefu sitisha masasisho kabisa.

2. UPS

Hii ni betri inayoibeba kompyuta umeme unapokatika. Kama kuna pesa ya kutumia, itumie hapa, kwa sababu hakuna programu inayoweza kuzuia umeme usikatike. Unapochagua, soma wati, si zile VA (volti-ampea) zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Wati huwa chache kuliko VA, na ndizo zinazoonyesha kama itaubeba mzigo wako. Chagua yenye waya wa USB wa kuiambia kompyuta ijizime taratibu betri inapokaribia kwisha, na yenye betri inayobadilishika, kwani betri za asidi na risasi kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi mno inapopata moto.

Mwenye laptopu asikimbilie kununua kubwa. Laptopu ina betri yake. Kinachozimika ni ruta, pamoja na diski ya nje inayotegemea umeme wa ukutani. UPS ndogo ya kubeba hivyo viwili inamtosha, ingawa muuzaji hatakwambia.

3. Kompyuta ndogo ya kukesha

Raspberry Pi au kompyuta ndogo ya mezani inafaa kwa mtu anayepakua na kunakili kila mara. Inakula wati chache na unaiacha imewaka. Kwa kuchakata video nzito usiitegemee.

4. Seva ya kukodi

Unaanzisha kazi kwenye seva hiyo ndani ya tmux, programu inayoiacha kazi iendelee hata ukiondoka, unakata mawasiliano, unafunga laptopu yako na kulala. Kazi inaendelea hukohuko. Ni nzuri sana kama data tayari iko mtandaoni. Kama ni lazima upandishe kwanza mamia ya gigabaiti, umejiongezea kazi nyingine ndefu juu ya ile ya awali.

5. Kidude cha kutikisa kipanya

Hakijui kazi imeisha lini. Kinaiacha skrini ikiwaka usiku kucha, na mara nyingi kinaizuia isijifunge, hivyo kila apitaye anakuta faili zako wazi. Kazini ni hatari zaidi: mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya kumi kwa tuhuma za kuigiza matumizi ya kibodi ili waonekane wako kazini. Wewe unaweza kuwa na sababu safi kabisa, lakini kwa anayekutazama kwa mbali hakuna tofauti. Mwenye kompyuta ya ofisi amwombe fundi wa TEHAMA abadilishe mpangilio wa umeme. Hakuna cha kununua hapo.