Kanyumba ka wikendi ka mawe ya volkano: mawe napatia pointi kumi ku kumi, madirisha tano ku kumi tu

Kwa benye banatafuta arshitekti wa kubajengea kanyumba ka wikendi kando ya ziwa Kivu, upande wa Sake, karibu na Goma, haya njo maoni yangu. Jina la biro siweke, mutaona juu ya nini.

Mawe kwanza, hapo sina la kusema. Habakuleta jiwe ya mbali, bamevunja ileile lava ya mu parsele, fundi anapiga na nyundo mpaka inatoa uso moja ya kunyooka, ile uso njo inaangalia inje, na juu jiwe yetu iko na matobo matobo simenti inaishika kabisa. Simenti ya kati ya mawe bameiingiza ndani, haionekane sana, si ile mtindo ya kuivimbisha na kuipaka nyeupe (bibi yangu anaipenda, miye hapana). Mawe inafika ku dirisha, kisha ni mbao na mabati, vile wazee banajengaka, juu tangu ile matetemeko ya 2021, yenye ilikuja nyuma ya volkano Nyiragongo kulipuka, hakuna mwenye anacheka na ukuta muzito bila shenaji (mukaba wa beto na vyuma wa kufunga ukuta).

Plan ya kwanza ilikuwa na saloni ya kushuka chini, ngazi tatu, kama nyumba za Ulaya, kijana wa biro alikuwa anaipenda sana! Mzee fundi akaangalia ile shimo, akauliza: "Patron, watoto balale mu mazuku?" Na ni kweli, huku gazi inatoka mu udongo, ni nzito kupita hewa, inajikusanya penye ni chini, haina rangi, mbuzi inakufa na mutu pia. Sakafu ikapandishwa juu ya mawe, ukuta ikaachiwa matundu ya hewa hapo chini, na biro haikuniongezea hata franka ya plan mupya. Hapo nilibapa heshima.

Sasa madirisha. Vitre kubwa kubwa zinaangalia ziwa, picha inatoka muzuri, lakini kiangazi vumbi nyeusi inapita mu relwe zote za madirisha, na usiku ni baridi, Goma iko karibu metre 1.500 jameni, siyo Mombasa. Voleti za mbao (za kufunika dirisha kwa inje) niliomba, bakasema zinaharibu sura. Nikajifanyishia kwa menizye (fundi wa mbao) wa kwetu.

Devi (karatasi ya bei) muombe ikuwe inaandika mawe, mbao na vitre mbali mbali, yangu vitre ilikuja kisha, na bei yake ilinitoa jasho. Na kama biro inabaletea fundi mwingine, mungoje yule mzee amalize kwingine.