Mizani, bakuli la vikuta na chakula cha lishe: kipi kilimpunguza Bosi?

Katika vitu vitatu nilivyomnunulia mbwa wangu ili apungue, kilichofanya kazi kubwa ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote: mizani ya jikoni ya kidijitali, ile bapa ya kioo wanayoichukua akina mama wa keki pale Kariakoo. Nilitoa elfu kumi na nane, na betri ikiwemo. Chakula cha kupunguza uzito nacho kina kazi yake, ingawa bei inauma. Bakuli la plastiki lenye vikuta ndani vya kumchelewesha mbwa kula, lile linalosifiwa mitandaoni kana kwamba ni dawa, nitalisema kwa kifupi kwa sababu ndilo lililonipa kidogo.

Bosi ni chotara wa Labrador, dume aliyehasiwa, anaingia mwaka wa sita. Alifika kilo 41. Mtoto wetu wa mwisho alimwekea kikombe cha plastiki mgongoni, kikakaa, tukacheka. Daktari wa mifugo hakucheka. Alimpapasa mbavu, akamtazama kwa juu na kwa ubavuni, akampa alama 8 kwenye kipimo cha 1 hadi 9 wanachotumia madaktari wa wanyama, ambapo 4 na 5 ndiyo hali nzuri na 9 ni unene wa kupindukia. Unaweza kujaribu nyumbani: weka viganja ubavuni mwa mbwa wako. Mbavu zihesabike kwa vidole bila kukandamiza, na ukimtazama kwa juu akiwa amesimama uone kiuno. Bosi kiuno hakuwa nacho, na mbavu zake ilibidi uzitafute.

Kabla hatujanunua chochote daktari alitaka damu ipimwe. Tezi ya thairoidi ikilegea mbwa hunenepa hata akila kidogo. Ugonjwa wa Cushing (mwili kutengeneza homoni ya kotisoli kupita kiasi) na dawa za steroidi kama prednisoloni humtia njaa na kiu ya kudumu. Kama mbwa wako yuko kwenye dawa hizo, au ameanza kunywa maji kuliko kawaida, huko ndiko pa kuanzia, si kwenye bakuli. Majibu ya Bosi yalitoka safi. Alikuwa anakula kuliko anavyotumia, basi, na kuhasiwa kulichangia: dume akishahasiwa mahitaji yake ya nguvu hushuka huku hamu ya kula ikipanda.

Sasa mizani. Daktari alinipa hesabu ambayo nimeifanya kwa simu mbele yake, na yeyote anaweza kuifanya. Chukua uzito unaoutaka mbwa afikie, si ule alionao leo. Wetu ni kilo 32. Zidisha 32 mara 32 mara 32, kisha bonyeza kipeuo cha pili mara mbili mfululizo, utapata 13 na kitu. Zidisha kwa 70. Inatoka kama kilokalori 940, na hiyo ndiyo riziki ya Bosi ya siku nzima, pamoja na kila anachookota. Asilimia 10 ya hapo inaruhusiwa kuwa vitafunwa na zawadi, isizidi. Inabaki kama 850. Mfuko wa chakula chetu cha lishe, kile kikavu cha punje, umeandikwa kilokalori 3,000 kwa kilo, kwa hiyo gramu 280 kwa siku: 140 asubuhi, 140 jioni.

Ukiziona gramu 140 bakulini kwa mara ya kwanza utadhani umemdhulumu mnyama wa watu. Ndiyo maana kikombe hakifai. Nilijaribu: kikombe kilekile, nikajaza mimi, akajaza dada anayetusaidia kazi, akajaza mtoto wa kwanza, kila mmoja "kimoja tu", na kila mara mizani ikasoma namba nyingine kabisa. Cha mtoto kilikuwa na kilima juu. Ukichukulia kwamba tofauti hiyo inajirudia asubuhi na jioni mwezi mzima, huhitaji kutafuta mchawi.

Lakini mizani peke yake isingetosha, kwa sababu chakula cha Bosi hakikuwa kinatoka jikoni tu. Nyumba yetu iko Goba, ina uzio na geti, na mlinzi wa usiku ni mzee wa makamo ya baba yangu, tunamwita Babu. Babu anapika ugali wake kibandani. Nikaenda kumweleza.

"Shikamoo Babu. Daktari amekataza Bosi asipewe ugali tena."

"Marahaba mwanangu. Sasa mimi nile, yeye ananitazama mdomoni, nimeze vipi? Huyu ndiye ninayekesha naye."

Ana hoja. Na si yeye peke yake. Watoto walikuwa wanampa kingo za chapati, na chapati zetu za Jumapili zinaogelea mafuta; kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kama kilokalori 120, zaidi ya vitafunwa vyake vyote vya siku. Dada alikuwa anamkwangulia ukoko. Mama mkwe akija kututembelea hupenda kumtupia ngozi ya kuku. Ukijumlisha mikono hiyo yote unapata mlo wa tatu ambao hakuna aliyeupika kwa makusudi.

Kilichotuokoa ni kopo tupu la Blue Band. Kila asubuhi dada anapima gramu 280, anaweka kwenye kopo, anafunika. Hicho ndicho chakula cha Bosi cha siku. Sehemu kubwa inaingia bakulini nyakati mbili, na kama gramu 30 anapelekewa Babu jioni. Anayetaka kumpa Bosi kitu ampe, hakuna anayekatazwa, ila atoe kwenye kopo. Kopo likiisha limeisha. Babu sasa anakula ugali wake kwa raha, akimaliza anamrushia Bosi punje moja moja, na Bosi haelewi kwamba ni chakula chake mwenyewe cha siku kimezungushwa. Mama mkwe alinung'unika ("mnamtesa kiumbe wa Mungu"), nikamjibu, "Mama, chakula chake kimo kwenye kopo, mpe tu," naye akaingiza mkono kwenye kopo. Ukikataza watu watampa kwa kujificha, na cha kujificha hakipimwi.

Kuhusu kuombaomba niseme kwa kirefu, maana ndicho kilichotuchosha zaidi kuliko hata uzito. Bosi alikuwa anakaa barazani tukila, kidevu gotini kwa mtu, mate yanadondoka. Anajua nani mwepesi. Anaanza kwa mtoto, anahamia kwa baba yao, kwangu anakuja mwisho.

Wenye Labrador wengi wanasema "hii njaa si ya kawaida," na kwa baadhi yao ni kweli. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakiongozwa na Eleanor Raffan walitangaza kwamba karibu robo ya Labrador waliowapima wana hitilafu kwenye jeni iitwayo POMC, inayohusika na kuupa ubongo habari kwamba mwili umeshiba. Mwaka 2024 kundi hilohilo likaonyesha kwamba mbwa wenye hitilafu hiyo husikia njaa zaidi katikati ya mlo na mlo, na wakipumzika mwili wao hutumia nguvu pungufu kwa takriban asilimia 25. Bosi hajapimwa jeni na sina mpango huo. Habari hiyo hata hivyo ilinibadilishia namna ya kumtazama. Huenda si tabia mbaya. Huenda njaa anaisikia kweli. Basi mpe kitu kinachojaza tumbo bila kalori: tango, karoti mbichi, vipande vya boga la kuchemsha, maharage machanga ya kijani, na maganda yake, yaliyochemshwa bila chumvi wala mafuta. Tango zima halifiki kalori za kipande kimoja cha mkate. Kitunguu na kitunguu saumu marufuku, vinaharibu damu ya mbwa. Zabibu na chokoleti nazo marufuku, ni sumu kwake. Na mifupa iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha.

Upande wa pili ni sisi. Kumnyima siku sita na kumpa ya saba ni kibaya kuliko kumpa kila siku. Ni kama mtu wa kubeti: mikeka yake inachanika wiki nzima, ukitiki mmoja tu, kesho yumo kibandani mapema. Daktari alituonya kwamba tukiacha kumpa kabisa ataongeza kelele kabla hajaacha, na ndivyo ilivyokuwa. Alianza kubweka, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mezani, akakwaruza kiti, akaleta na kiatu. Wengi hushindwa hapo, wanampa "ili anyamaze tu," na kumbe wamemfundisha kwamba ombaomba ya kweli ni ya kubweka.

Badala ya kumfukuza tulimpa kazi. Tulitandika gunia la katani kona ya baraza. Nje ya saa za kula tulimzoesha neno "guniani": akienda na kulala anapata punje kutoka kwenye kopo, akiendelea kulala anapata nyingine, tukachelewesha kidogo kidogo. Ilipokaa sawa ndipo tukaanza kuitumia wakati wa chakula. Punje hupelekwa guniani, haitupwi kutoka mezani hata siku moja. Siku hizi sufuria ikitoka jikoni anatangulia mwenyewe. Bado anatazama. Kutazama hatukumkataza.

Bakuli la vikuta: nyota mbili na nusu. Limepunguza mwendo, hilo sikatai. Zamani Bosi alikuwa anamaliza chakula kabla hujafunika mfuko, sasa anachukua dakika kadhaa akisukuma punje kwa ulimi kuzunguka vile vikuta. Kwa mbwa anayekula hadi kutapika linafaa. Ila kula polepole si kula kidogo. Gramu zikiwa zilezile, kalori ni zilezile. Vipira vya chini vilibanduka mapema, likawa linateleza kwenye vigae hadi chini ya ngazi. Na usithubutu kuweka ugali au uji wa dagaa humo. Unaganda kwenye kona, utasugua kwa mswaki. Siku nikitaka kumchelewesha namwaga punje kwenye nyasi nyuma ya nyumba, anazitafuta kwa pua, bure.

Chakula cha lishe: nyota nne, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya bei. Mfuko wa kilo 12 unapita laki mbili, na kwa gramu 280 unakaa kama mwezi na wiki mbili. Swali nililokuwa nalo, ambalo najua wengine mnalo, ni kwa nini nisipunguze tu ugali na dagaa wake wa zamani. Jibu la daktari ni kwamba ukikata nusu ya chakula cha kawaida unakata pia nusu ya protini, madini na vitamini, na mbwa anapungua misuli pamoja na mafuta. Hiki cha lishe kimeongezwa protini na nyuzinyuzi, kwa hiyo kalori ni chache lakini tumbo linajaa na misuli inabaki. Ubaya wake: nyuzinyuzi zinatoka. Kinyesi kimekuwa kingi, anayesafisha uwanja ajiandae. Tulikichanganya na cha zamani kwa wiki nzima tukiongeza taratibu, tumbo halikumsumbua.

Mazoezi sitayasifia sana. Kwa joto la Dar mbwa mnene anahema kabla hamjamaliza mtaa, na anaweza kupata kiharusi cha joto. Tunatoka alfajiri, mwendo mfupi, kwa ajili ya viungo na akili yake. Uzito umeondoka kupitia kopo.

Kumpima, nyumbani ni shida. Mbwa wa kilo 41 humbebi juu ya mizani ya chooni. Nenda duka la vyakula vya mifugo lenye mizani ya magunia, omba kwa heshima, mpandishe juu na mkanda wake. Kijana wa duka letu ameshazoea, anaandika kwa chaki ukutani chini ya bei ya pumba. Mwendo salama ni kupungua kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito kwa wiki, kwake ilikuwa kama nusu kilo hivi. Kuna wiki hazikusogea kabisa, na mara moja ilipanda kidogo baada ya sherehe ya jirani iliyokuwa na mifupa mingi. Sasa anasoma kilo 33 na nusu. Anapanda ngazi bila kusimama katikati, na mbavu nazipata kwa vidole.

Kwa wanaosema umbo la mbwa ni urembo tu: kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, Labrador 48 waliofuatiliwa maisha yao yote, nusu yao wakipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao. Waliopewa kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Huo ndio nilimsomea mume wangu alipouliza kwa nini mbwa anakula chakula cha laki mbili.

Akifika 32 tutarudi kwa daktari, gramu zitapandishwa kidogo kidogo hadi uzito utulie, na pengine tutahamia chakula cha bei nafuu zaidi. Kama una pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua mizani. Yetu hata kuipata ni kwa foleni, dada ameshaikamata kwa unga wa maandazi.