Kulinda kasri dhidi ya uganga: ununue nini kwanza

Wachezaji wa Dungeons & Dragons (mchezo wa hadithi unaochezwa mezani) hapa Lamu, dhahabu ya ujenzi ikipatikana, wengi tunachora kitu kinachofanana na Ngome yetu: kuta nene za matumbawe, minara pembeni, uwanja wazi katikati. Ngome hiyo ilikamilika 1821 kuwazuia watu waendao kwa miguu. Adui wa mchezo hana haja ya mlango. Katika kanuni za toleo la tano, zilizotoka 2014, kasri dogo hugharimu vipande 50,000 vya dhahabu na siku 400 za kazi. Mchawi wa ngazi ya 7 akitumia Dimension Door, yuko futi 500 nje, mara yuko chumbani mwako. Usimalizie dhahabu kwenye mawe.

Namba moja, tena kwa mbali, ni uganga uitwao Forbiddance. Hufunika eneo la futi za mraba 40,000, na hakuna awezaye kujitokeza humo ghafla. Unachagua pia aina za viumbe, mathalani mashetani na wafu, ambao wataumia kila zamu wakiwa ndani. Watu wako mwenyewe unaweza kuwapa neno la siri ili wasiumie. Watu huikimbia kwa kuhofia bei: unga wa yakuti wenye thamani ya dhahabu 1,000, pamoja na maji matakatifu na ubani adimu. Wanajua lazima isomwe siku 30 mfululizo mahali pamoja ili idumu, basi wanapiga hesabu ya 30,000. Sivyo. Vifaa huteketea siku ya mwisho tu. Kwa 1,000 umepata ulinzi usiokwisha mpaka mtu autangue. Ujira wa kuhani wa ngazi ya 11 haumo kitabuni, kwa hiyo patana na msimulizi anayeendesha mchezo mapema, kabla hujachimba msingi.

Ina upungufu mmoja mkubwa: kimo chake ni futi 30. Mnara ukizidi hapo, juu kuko wazi, na huwezi kupandisha Forbiddance moja juu ya nyingine.

Hapo ndipo inapoingia ya pili, Private Sanctum, inayojaza mchemraba wa hadi futi 100 kila upande na kuzuia hata wanaochungulia kwa uganga. Haina gharama ya vifaa, ila hudumu saa 24, na kuifanya ya kudumu ni kuisoma kila siku mwaka mzima. Kama kundi halina mchawi wake, iache.

Ya tatu ni Alarm. Ikisomwa kwa taratibu ndefu haikugharimu chochote, na asiyeonekana akigusa mlango utaamshwa. Wa ngazi za chini, anzeni hapa.

Glyph of Warding ni fingo la kizingitini: adui akikanyaga, linaripuka. Hugharimu dhahabu 200 na hufanya kazi mara moja. Mlango wa hazina unatosha.

Kunenepesha ukuta ni mwisho kabisa. Passwall hutoboa futi 20 za mawe, na ukuta wa unene huo sijauona kwenye mchoro wa mtu yeyote. Dhahabu ikibaki, ezeka ule uwanja kwa boriti na mawe, maana Forbiddance haimzuii anayeruka kwa mbawa.