Pawabenki ipi ununue? Anza na mizani, si maandishi ya boksi

Kabla hujauliza bei, omba uishike mkononi. Pawabenki ni betri, na betri haiwezi kuwa na chaji nyingi bila kuwa na uzito wake. Nyingi zina seli za duara ziitwazo 18650, jina lililotokana na vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli moja ya aina hiyo ina gramu 45 hadi 50, na hata iliyo bora huishia karibu na mAh 3,500 (mAh ni kipimo cha kiasi cha chaji ambacho betri inabeba). Kwa hiyo pawabenki ya mAh 10,000 ya kweli, iwe ya seli za duara au za bapa, ikiwa na ganda lake huwa na gramu 180 hadi 250 hivi. Ya 20,000 huwa kati ya 350 na 450. Ukiona imeandikwa 50,000 na ni nyepesi kama simu, irudishe mezani.

Hili nililijua baada ya kupoteza hela. Wakati wa mgao wa umeme nilinunua mjini pawabenki iliyoandikwa 50,000, yenye tochi na taa nne za kuonyesha chaji, kwa bei iliyonifurahisha sana. Ilijaza simu yangu, ya mke wangu ikaishia njiani. Fundi simu wa mtaani alipoifungua tulikuta seli 2 zimekaa pembeni, na nafasi iliyobaki ni tupu. Siku hizi nikinunua naomba iwekwe kwenye mizani ya duka la jirani, ile ya kupimia sukari. Wauzaji waaminifu hawachukii.

Uzito peke yake hautoshi, kwa sababu wapo wanaojaza mchanga au kipande cha chuma. Nyepesi kupita kiasi ni feki bila shaka. Nzito bado inahitaji kupimwa kwa matumizi. Pakua programu ya AccuBattery kwenye simu ya Android, chaji simu kwa pawabenki hiyo ikiwa karibu na sifuri hadi ijae, rudia hadi pawabenki iishe, na ujumlishe mAh zilizoingia. Mwenye kupenda uhakika zaidi anunue mita ndogo ya USB, ile inayochomekwa kati ya waya na pawabenki, ikaonyesha volti, ampea na jumla ya chaji iliyopita. Fanya kipimo hicho siku ile ile uliyonunua, risiti ikiwa bado mkononi.

Ila upime ukijua cha kutarajia. Wengi wanalalamika kwamba pawabenki ya 10,000 haijazi simu ya 5,000 mara mbili, wanadhani wameibiwa. Hawajaibiwa. Zile 10,000 zinahesabiwa kwenye volti 3.7 za seli, lakini umeme unatoka kwa volti 5 au zaidi, na kazi ya kupandisha volti inakula sehemu na kutoa joto. Kinachotoka kwa kweli ni kama 6,000 hadi 6,500 kwenye volti 5. Kampuni zinazojiheshimu huandika hesabu hiyo kwa herufi ndogo nyuma, penye maneno “Rated Capacity”, yaani chaji inayotoka kweli. Isipoandikwa popote, mimi siichukui. Kwa simu ya 5,000 tarajia mara moja na nusu.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninayompendekezea karibu kila anayeniuliza.

1. Ya mAh 10,000 yenye tundu la USB-C linaloingiza na kutoa umeme, wati 18 hadi 20. Inaingia mfukoni, inamaliza siku nzima ya mtu wa kawaida, na inajaa haraka. Hilo la kujaa ndilo watu hawaliulizi, na kwetu ndilo lenye maana kubwa. Umeme ukirudi kwa saa 4 halafu ukakatika tena, pawabenki inayopokea wati 18 itakuwa imejaa. Inayopokea wati 10 bado itakuwa inakaribia. Angalia herufi “PD” kwenye tundu, yaani Power Delivery, mfumo wa chaji ya haraka wa USB-C, kisha hakikisha una kichwa cha chaji kinachoweza kutoa kiasi hicho. Pawabenki nzuri ukiichomeka kwenye kichwa cha zamani cha wati 5 itakesha hadi asubuhi. Simu nyingi za sasa za Android zinatumia USB-C, na iPhone nazo zilihamia huko tangu iPhone 15 ya mwaka 2023, kwa hiyo waya mmoja unatosha nyumba nzima.

2. Ya mAh 20,000. Hii ni ya nyumba yenye simu tatu nne, ya msafiri wa basi la siku mbili, au ya mtu anayechaji laptopu. Kwa laptopu hakikisha inatoa wati 45 au 65 kwenye USB-C, na kwamba laptopu yenyewe inachajiwa kwa tundu hilo. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya uzito na muda: kwa wati 10 itachukua saa 9 au 10 kujaa. Mtu mmoja mwenye simu moja anabeba mzigo bure.

3. UPS ndogo ya rauta, yaani betri inayoendelea kukipa umeme kifaa cha intaneti umeme ukikatika. Kwa anayefanyia kazi nyumbani, hii inaweza hata kuwa ya kwanza. Umeme ukikatika laptopu ina betri yake na simu ina yake, lakini rauta ya volti 12 inazima papo hapo na kikao kinakatikia hapo. UPS hizi zina matundu ya volti 9 na 12, na hubadili chanzo bila rauta kuhisi. Yenye mAh 8,800 ina kama wati-saa 32 (wati ukizidisha kwa saa), na rauta inayokula wati 8 itaenda saa 3 na zaidi kidogo. Soma kibandiko chini ya rauta yako kabla ya kununua: volti lazima zilingane kabisa, na ampea za UPS zisipungue zilizoandikwa. Kama kisanduku chako cha faiba na rauta ni vifaa viwili tofauti, vyote viwili vinahitaji umeme. Kuna waya wa kupandisha volti 5 hadi 12 unaochomekwa kwenye pawabenki ya kawaida. Unafanya kazi kwa rauta ndogo, lakini pawabenki nyingi hukata kwa sekunde unapochomeka au kuchomoa chaji, na rauta inaanza upya.

4. Ndogo ya mAh 5,000. Ya mkoba, ya harusi, ya dharura. Haijazi simu kubwa hata mara moja. Basi.

5. Yenye paneli ya sola juu yake. Naelewa kwa nini inavutia, hasa kwa aliye mbali na gridi, na ndiyo maana naisema kwa uchungu. Paneli ya ukubwa wa kiganja hutoa wati 1 au 1.5 jua likiwa kali. Pawabenki ya 20,000 ina wati-saa 74. Gawanya mwenyewe: zaidi ya saa 50 za jua la utosi, yaani siku nyingi mfululizo. Tena inabidi uianike juani, na joto ndilo linaloua betri ya lithiamu upesi kuliko kitu kingine. Fedha hiyo iweke kwenye paneli ya kukunja ya wati 20 iliyo peke yake, uiache juani, na pawabenki ikae kivulini.

Kwa wasafiri wa ndege, pawabenki inapanda nawe ndani, haiwekwi kwenye begi la mizigo. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, kwa hiyo ya 20,000 inapita. Sheria zimekazwa baada ya ndege ya Air Busan kuungua Korea Kusini Januari 2025. Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, inaruhusu moja tu kwa abiria, isitumike angani, na ujazo wake usomeke. Wafanyabiashara wetu waendao China wajue kwamba tangu Juni 2025 ndege za ndani ya nchi hiyo hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya China.

Jina kubwa nalo lisikufumbe macho. Juni 2025 Anker waliita sokoni zaidi ya milioni 1 za PowerCore 10000, namba ya modeli A1263, zilizouzwa Marekani, kwa hatari ya kushika moto. Ukinunua iliyotumika, soma namba ya modeli kwanza.

Na ikivimba, acha kuitumia saa hiyo hiyo. Usiitoboe, usiichaji “mara ya mwisho”, na kwa nyumba zetu zinazochoma taka uani, usiitupe kwenye shimo la taka. Iweke nje kwenye chombo cha bati au ndoo ya mchanga mkavu, mbali na watoto, hadi umpate fundi au kituo kinachopokea betri chakavu.