Kaseti 19 za mama, na kijana aliyezigawa mafungu mawili

Kuna duka Kariakoo, ghorofa ya pili, linalohamisha muziki kutoka kwenye kaseti na santuri kuutia kwenye flashi. Nimekwenda mara nne ndani ya mwezi mmoja. Jina silitaji, kwa sababu mwenye duka alilimaliza jambo langu kiungwana. Ila mwenye kaseti za wazazi wake kabatini asikabidhi mzigo popote kabla hajasoma yaliyonikuta.

Mama yangu ni mtu wa Ngamiani, Tanga. Alihamia Dar mwaka 1984 na redio kaseti moja na mfuko wa kaseti, na mfuko ukazidi kunenepa mwaka hadi mwaka. Mwisho zilibaki 19. Saba ni za dansi, alizonasa marehemu baba kutoka Radio Tanzania: Mlimani Park, Juwata, Vijana Jazz. Kumi na mbili ni za mama mwenyewe. Humo mna Black Star na Lucky Star za Tanga, na mwimbaji Shakila katika enzi zake. Kisha lile fungu la miaka ya 1990, TOT na Khadija Kopa wake, Muungano na Nasma Khamis wake, wakati vikundi hivyo viwili vilipokuwa vikirushiana vijembe na wanawake wa mji mzima wamegawanyika. Mama alikuwa TOT. Shangazi alikuwa Muungano, na siku za shughuli ilibidi wapangwe majiko tofauti. Kaseti moja si ya dukani wala ya redioni: ni ya harusi ya dada yangu, mwaka 1997, redio imewekwa dirishani inanasa uani.

Kijana wa kaunta ni fundi kwelikweli, na hilo nalisema mwanzo kwa sababu ni haki yake. Alinisalimia vizuri, akamwaga kaseti mezani, akaanza kuzikagua moja moja kwenye mwanga. Alinionyesha ukungu mweupe ulioshika ukingo wa utepe. Alinionyesha kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe uguse hedi, yaani kile kichwa kinachousoma, kwamba kikidondoka sauti inafifia na watu wanadhani kaseti imekufa, kumbe inahitaji kufunguliwa ganda na kubandikwa kingine. Akanieleza kwamba hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 90 inakula dakika 90, inapigwa mwanzo hadi mwisho huku inarekodiwa. Kaseti moja baba alikuwa ameiandika "Juwata" pande zote. Kijana aliisikiliza sekunde chache, akasema upande wa pili ni Vijana Jazz, amelijua gitaa. Kweli, ni Vijana Jazz.

Bei ni shilingi 7,000 kwa kaseti, yaani 133,000 kwa zote. Si hela ndogo kwangu, mimi ni fundi cherehani. Nililipa nusu.

Ndipo akaanza kuzigawa. Za baba aliziweka kulia, taratibu. Za mama akazisukuma kushoto.

"Mama, taarabu yenyewe ni ya Unguja," akaniambia. "Ganuni, fidla, watu wameketi wanasikiliza maneno. Hii ya Tanga ni dansi lililovaa baibui. Na hizi za rusha roho ndiyo kabisa. Huu si muziki, ni ugomvi wa majirani uliotiwa kinanda."

Mzee mmoja aliyekuwa akichagua santuri alicheka. Mimi sikucheka. Kaseti zile zimenilea. Mama alikuwa akipika vitumbua saa kumi alfajiri zikiimba kwa sauti ya chini, tusije tukaamka.

Nimeushonea watu muziki huu pia. Nimeshona sare za shughuli zisizo na idadi, na ninajua mwanamke anavyojiandaa wiki nzima ili wimbo mmoja ukipigwa ainuke, amtuze mwimbaji noti mbele ya watu, na aliyemkusudia ajue. Kwa wanawake wengi wa uswahilini hapo ndipo mahali pekee pa kusema. Asiyewahi kukaa uani kwenye shughuli anasikia kinanda tu, ndiyo maana anaona kelele.

Na hiyo taarabu ya Unguja anayoiweka juu, ilianzaje? Ilikuwa ya kasri la sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Aliyeiteremsha kwa Kiswahili hadi mitaani alikuwa Siti binti Saad, mtoto wa maskini kutoka Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, na waungwana wa mjini walimcheka ukoo na sura. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, na leo ndiye kipimo cha usafi. Dansi nalo ni vilevile. Wapiga gitaa wetu walikuwa wakisikiliza santuri za Cuba, na Salum Abdallah kule Morogoro hakuona aibu kuiita bendi yake Cuban Marimba. Black Star walipoweka gitaa na besi kwenye taarabu pale Tanga walifanya kilekile. Kila muziki anaouheshimu kijana yule uliwahi kuwa uchafu machoni pa mtu aliyetangulia.

Hayo yote nilimjibu moyoni. Kwa mdomo nilisema, "Mdogo wangu, zifanye zote." Akasema sawa.

Safari ya pili nilichukua flashi. Nyumbani nikaichomeka, nikaanza na za baba. Sijawahi kusikia kazi nzuri namna ile. Kila wimbo umekatwa peke yake, umeandikwa bendi, mwimbaji, na pale alipojua hata mpiga solo. Mafaili makubwa ya WAV, yaani sauti haikubanwa. Sauti ya mwimbaji Gurumo imesimama katikati ya chumba kama mtu. Nililia kidogo, kwa sababu baba alikuwa akiiiga ile sauti kila asubuhi akinyoa ndevu.

Kisha nikafungua za mama. Mafaili 24 madogo ya MP3, sauti iliyobanwa, yameandikwa "mama 1" mpaka "mama 24", kila upande wa kaseti faili moja bila kugawa nyimbo. Mvumo chini mwanzo hadi mwisho. Kaseti ya Shakila inasikika kama inaimbiwa ndani ya pipa, dalili kwamba hedi haikupanguswa hata kwa spiriti, wala kisponji hakikuguswa. Ukungu ule alionionyesha mwenyewe mezani umeachwa palepale.

Bei ilikuwa ileile, shilingi 7,000.

Ya harusi ndiyo iliyoniumiza. Ni kaseti ya dakika 90, kila upande 45. Faili la upande wa pili lilikuwa na dakika 38. Nyimbo zimo, ila pale kinanda kilipozimika faili limekatwa. Ninajua kilichokuwa kwenye zile dakika saba. Vigelegele, wanawake wanakusanya sahani, na bibi yangu mzaa mama anamwita dada aje apewe maji, halafu anamwombea dua. Bibi alifariki mwaka 1999. Hatuna sauti yake mahali pengine popote.

Safari ya tatu nilikwenda na kaseti yenyewe, nikaomba kuonana na mwenye duka. Mtu mzima, mpole. Sikupandisha sauti. Nilimwomba tu aipige kaseti ile kuanzia wimbo wa mwisho upande wa pili, kijana akiwepo. Tukasikiliza wote watatu. Wimbo ukaisha. Vyombo vikagongana. Kisha bibi: "Mpeni maji mwanangu, tangu asubuhi hajanywa kitu." Kijana alivua hedifoni shingoni akaziweka mezani.

"Nilidhani ni kelele," alisema. "Samahani, mama."

Nilimwamini, kwa sababu alijieleza mwenyewe bila kuulizwa. Alisema alipokuwa sekondari wenzake walikuwa wakimwita babu kwa kusikiliza Mlimani Park wakati wao wanacheza Bongo Fleva. Alikuwa akificha kaseti chini ya godoro la bweni. Kujua majina ya wapiga gitaa ndicho kitu pekee kilichompa heshima, siku aliyopata wazee wa kuzungumza nao. Nilimwelewa. Kitu ulichochekwa kwa ajili yake unakilinda kama mtoto, na njia rahisi ya kukilinda ni kutafuta cha mwingine ukicheke. Lakini nilimwambia kwamba mama yangu hakuwamo bwenini mwake.

Mwenye duka aliagiza kaseti zote 12 zirudiwe bure. Zilichukua siku sita. Safari hii zimefunguliwa, zimesafishwa, nyimbo zimegawanywa, WAV kama za baba. Kwenye faili la harusi ameandika "Upande B, kamili, pamoja na maneno ya mwisho". Shakila sasa anasikika hadi anavyovuta pumzi.

Kwa hiyo ufundi wa duka hili naupa alama zote, na huduma ya mara ya kwanza naipa chini ya nusu. Ukienda, andika kwenye karatasi kaseti zako ni ngapi, kila moja dakika ngapi, na kwamba kisikatwe chochote. Taka WAV kwa zote. Kabla hujamalizia malipo, keti pale usikilize dakika chache za ile kaseti ambayo mtu wa kaunta aliitazama vibaya. Na kaseti zenyewe zichukue urudi nazo, usizitupe.

Mama ameisikia dua ya bibi mara nne jana. Baada ya hapo alimpigia shangazi simu, akaiweka karibu na spika. Shangazi anazo kaseti 26, karibu zote Muungano. Jumamosi nazipeleka dukani, kwa kijana yuleyule.