Modemu au rauta? Ujue kwanza unachokosa, ndipo utoe hela

Kisanduku cha kwanza nilichonunua kwa ajili ya intaneti ya nyumbani nilikibeba kutoka Kariakoo hadi Kinyerezi nikiwa na furaha tele. Kilikuwa na antena nne, na muuzaji alinihakikishia kwamba "hii inashika mitandao yote." Kufika nyumbani nikakigeuza huku na huku nikitafuta pa kuchomeka laini, sikupaona. Nyuma kulikuwa na matundu matano ya waya, moja la bluu limeandikwa WAN, basi. Nilikuwa nimenunua rauta tupu, na nyumbani hapakuwa na intaneti ya kuigawa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue ipi, nami namuuliza: kwako intaneti inaingia kwa njia gani? Modemu ndiyo inayoileta ndani. Inazungumza na mnara wa simu, au inapokea mwanga wa faiba (waya wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga) na kuugeuza kuwa kitu ambacho kompyuta inakielewa. Rauta kazi yake ni kuigawa: inakipa kila kifaa anwani yake na kurusha Wi-Fi. Kinachowachanganya watu ni kwamba visanduku vingi siku hizi vina vyote viwili tumboni, na dukani vyote vinaitwa rauta. Ikiwa na tundu la laini, ina modemu ndani. Ikiwa na tundu la WAN peke yake, inasubiri kuletewa intaneti na kifaa kingine.

Nikipanga kwa ubora, nawapangia hivi.

Ya kwanza: faiba, kama imefika mtaani kwako. Hapa modemu usinunue. Kampuni inakuja na kisanduku chake, mafundi wanakiita ONT au ONU, na lazima kisajiliwe kwenye mitambo yao ndipo kifanye kazi. Ulichojinunulia mtaani hakitakubali hivi hivi. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika au umekunjwa mno, na kubadilisha rauta hakutakusaidia chochote.

Pesa yako iweke kwenye Wi-Fi. Jirani yangu alikuwa anapandisha kifurushi kila baada ya miezi michache kwa sababu chumbani kwake video zinazunguka tu. Nilichomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye kisanduku chake, nikapata Mbps 20 kamili (Mbps ni kipimo cha kasi) anazolipia. Chumbani kwa Wi-Fi zilikuwa 3. Kisanduku kilikuwa kimewekwa ndani ya kabati la TV, nyuma ya kioo, na kati yake na chumba kuna kuta mbili za tofali. Tulikitoa tu kabatini na kukipandisha ukutani kwenye korido, zikafika 14. Hakununua kitu.

Nyumba ikiwa kubwa, basi nunua rauta ya pili yenye masafa mawili. GHz 2.4 inapenya kuta na kufika mbali lakini ni ya taratibu. GHz 5 ina kasi ila ukuta wa tofali unaichosha upesi. Chagua ya Wi-Fi 5 au 6, yaani vizazi vipya vya Wi-Fi, na hakikisha matundu yake ya waya ni ya gigabiti (Mbps 1,000), kwa maana nyingi za bei nafuu zinaishia Mbps 100. Iunganishe na ya kwanza kwa waya uliopita darini. Vile vipanuzi vya kuchomeka kwenye soketi naviweka chini kabisa: vinapokea Wi-Fi iliyokwisha kuchoka na kuirusha tena, na vingi vinapunguza kasi karibu nusu.

Ya pili: rauta ya laini ya 4G. Kwa nyumba nyingi zisizofikiwa na faiba hii ndiyo jibu. Tafuta isiyofungwa kwa kampuni moja, ili mtandao ukilegea mtaani kwako ubadilishe laini tu. Boksi likiandikwa Cat 4, kikomo chake ni Mbps 150 za kupakua. Cat 6 ni 300, na inaweza kuunganisha masafa mawili kwa pamoja, jambo ambalo utaliona saa tatu usiku mnara ukielemewa. Kuwa mwangalifu na ile aliyokutumia ndugu kutoka Marekani. Nyingi za huko zimetengenezwa kwa masafa ya kwao, na huenda isishike MHz 800 na 1800 zinazotumika Afrika Mashariki.

Kabla ya kununua, tumia simu yako kama kipimo. Weka laini unayokusudia, washa, zunguka nyumba nzima usiku dirisha kwa dirisha, upime kasi kila mahali. Dirisha lililoshinda ndipo rauta itakapokaa. Kama hakuna dirisha lenye kasi ya kukutosha, usinunue.

Ya tatu: rauta ya 5G. Ni nzuri kweli pale 5G inapofika ndani ya nyumba. Isipofika inarudi 4G, nawe umelipa bei kubwa kwa kazi ileile.

Ya nne: MiFi ya mfukoni, kirauta kidogo cha laini chenye betri yake. Inamfaa msafiri na mwanafunzi wa hosteli. Familia ya watu sita itaielemea, na ikichajiwa mchana kutwa betri inaweza kuvimba.

Ya mwisho: modemu ya USB. Inahudumia kompyuta moja. Ukipewa bure, ichukue.

Dukani usiondoke na boksi lililofungwa. Omba liwashwe, weka laini yako mwenyewe, fungua ukurasa wowote kwa simu yako ukiwa palepale. Geuza rauta usome kibandiko cha chini: utaona jina la Wi-Fi na nenosiri la kiwandani, ambalo utalibadilisha siku hiyohiyo. Pia soma volti, kwa kawaida 12 au 9. Ziandike mahali, kwa sababu umeme ukikatika utatamani UPS ndogo ya rauta (betri ya akiba), na UPS ya volti 12 ukiichomeka kwenye rauta ya 9 unaweza kuiunguza.