Darasa la kibali cha bastola Minnesota: nililipa dola 120 na nimeridhika

Wadau wa Minnesota, hasa nyie wa Brooklyn Park na Brooklyn Center, naona wengi mnaulizia darasa la kibali cha kubeba bastola na swali la kwanza siku zote ni wapi bei rahisi. Jamani bei ya kwenye tangazo msiishike sana, ulizeni bei ya mwisho, yaani mpaka natoka hapo na cheti mkononi hela yote iliyonitoka ni shingapi. Hilo swali moja tu litawaokoa.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya jioni, natoka karibu saa sita usiku na parking yetu taa nusu haziwaki, ndo maana nikaanza kutafuta. Sehemu ya kwanza niliyopiga simu walikuwa wametangaza dola 59, nikafurahi. Nikamuuliza dada aliyepokea, hiyo ni pamoja na renji, yaani pale uwanjani pa kupigia shabaha? Hapana renji ni 25. Na kama sina bastola? Ya kukodi 20. Risasi je? Boksi 22 na lazima ununue kwao huruhusiwi kuja nazo. Nikauliza kuna kingine, akasema kuna 15 ya kuandaa cheti. Piga hesabu, hiyo ni 141. Mimi mwisho wa siku nililipa 120 kwa mwalimu mwingine na humo kulikuwa na darasa, renji, bastola ya milimita 9, risasi 50, miwani na vile vya kuziba masikio, sikuongezewa hata senti. Sasa aliyetangaza bei kubwa ndo aliyekuwa nafuu.

Halafu kuna wale wanaouza cheti cha mtandaoni, unaangalia video unajibu maswali unatumiwa cheti kwa imeili, bei chee kabisa. Kwa Minnesota hiyo ni hela ya kutupa. Sheria ya hapa inataka ufundishwe misingi ya kutumia bastola, ufundishwe sheria zake, na ufaulu zoezi la kupiga shabaha kwa mwalimu aliyethibitishwa na taasisi inayotambuliwa na jimbo. Kwa hiyo kama darasa halina renji usilipe, hata wakikupa punguzo.

Kitu kingine nilichotumia kuwapima hawa walimu ni maswali ya sheria, maana kupiga shabaha karibu kila mmoja anaweza kukufundisha lakini sheria ndo itakayokupeleka jela. Niliwauliza hivi: kazini kwetu silaha hairuhusiwi kabisa, je naweza kuiacha kwenye gari langu pale parking? Mmoja akaniambia haiwezekani, mwingine akasema labda niongee na bosi. Huyu niliyemchagua akajibu palepale kwamba mwajiri ana haki ya kukukataza usiingie nayo ndani lakini sheria ya jimbo haimruhusu kukukataza kuwa nayo parking kama una kibali. Akaniambia na kifungu nikakisoma mwenyewe, ni 624.714. Pia nikauliza kuhusu kesi ya Blevins ya mwaka 2024, ile ya jamaa aliyetoa panga kwenye stesheni ya treni Minneapolis baada ya kutishiwa kisu, mahakama ya juu ya jimbo ikasema kama unaweza kuondoka salama unatakiwa uondoke kwanza kabla hata ya kuitoa silaha kumtisha mtu. Mwalimu ambaye hajaisikia hiyo anafundisha notsi za zamani, na hilo litakugharimu wewe si yeye. Wengi wetu tunadhani ukiwa na kibali basi mtu akikusogelea unachomoa. Hapana, nje ya nyumba yako Minnesota unatakiwa ukimbie kama njia ipo.

Darasa lenyewe lilikuwa zuri, watu wachache, na mwalimu ni mzee mtaratibu. Kwenye renji alinisimamia mwenyewe maana sikuwahi kushika bastola maishani, akanionyesha kidole cha shahada kikae kimenyooka ubavuni mwa bastola bila kugusa triga mpaka uwe umeshaamua kupiga, na kila nikishusha mikono anaangalia kidole tu, haangalii nimepiga wapi. Dada mmoja alikuwa anafumba macho kabla risasi haijatoka, mzee akatoa risasi zote kwenye bastola yake akamwambia avute triga bastola ikiwa tupu, tena na tena, hadi akaacha kushtuka. Wala hakumharakisha. Kwa mtu anayeanza hiyo ndo thamani ya hela yako, uliza kabisa kwenye renji mwalimu mmoja anasimamia watu wangapi.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ya kusimamishwa na polisi barabarani. Sisi ni watu weusi, wengine tuna lafudhi nzito, na hapa hapa Falcon Heights tarehe 6 Julai 2016 Philando Castile alipigwa risasi na polisi akiwa ndani ya gari na mpenzi wake na mtoto mdogo nyuma, alikuwa na kibali na alikuwa amemwambia yule polisi kwamba ana silaha. Polisi akashtakiwa na 2017 akaachiwa. Mwalimu hakulikwepa hilo. Alipanga viti viwili kama gari, akatukalisha mmoja mmoja, yeye akawa polisi: mikono miwili juu ya usukani, taa ya ndani washa, usichomoe leseni wala kitu chochote kabla hujaambiwa, na kila unachotaka kufanya kiseme kwanza ndo ukifanye. Sheria ya Minnesota inasema polisi akikuuliza kama umebeba lazima umjibu. Alirudia hadi wote tulikuwa tunaongea taratibu bila kutetemeka. Darasa lisilogusa hilo mimi kwa mtu mweusi simshauri, hata liwe la bure.

Mengine ya haraka: lazima uwe raia au uwe na grini kadi, viza ya mwanafunzi haikupi. Ukishakunywa usibebe, kikomo cha pombe kwenye damu ni 0.04, nusu ya kile cha kuendesha gari. Shule ni marufuku. Na nyie mnaoendesha malori kwenda Chicago, kibali cha Minnesota hakitambuliwi Illinois, ukishuka nayo garini uko peke yako.

Cheti cha darasa lazima kiwe hakijapita mwaka mmoja siku unapeleka maombi kwa sherifu wa kaunti unayoishi, na ada ya maombi ya kwanza haitakiwi kuzidi dola 100, hiyo weka pembeni na hela ya darasa. Sherifu ana siku 30 za kukujibu. Kibali kinadumu miaka mitano, na ukitaka kukihuisha unasoma tena, sasa uliza mapema kama mwalimu ana bei ya wanaorudi, huyu wangu anachaji nusu.